Kiraka Kigumu Kuliko Nguo: Uchambuzi wa Kisa cha Suruali Moja ya Jinzi

Usuli

Suruali inayozungumziwa hapa ni jinzi ya pamba tupu, ya uzito ambao viwandani hutajwa kuwa aunsi 12 hadi 14 kwa yadi ya mraba, yaani takribani gramu 400 hadi 475 kwa mita ya mraba. Mwenyewe ni mwanamume ambaye kazi yake humlazimu kupiga magoti na kuchuchumaa kutwa nzima. Aliyeishonea viraka ni mwanafunzi wangu wa ushonaji wa mkono, ambaye hadi wakati huo alizoea vitambaa laini. Mimi nilikuwa pembeni kama mshauri. Kila kitu kinachoweza kuwatambulisha nimekiondoa. Vipimo vya matundu na mfuatano wa mambo nimeviacha vilivyokuwa.

Suruali ilikuwa imeshapita mikononi mwa mtu mwingine kabla ya kutufikia. Tundu dogo lilitokea paja la kulia, upande wa ndani, karibu na pale mishono ya miguu na kitako inapokutana. Likazibwa kwa kiraka cha kubandika kwa pasi, kisha kiraka kikazungushiwa mshono mzito wa cherehani kwa uzi wa nailoni. Kazi ilikuwa safi kwa macho. Lakini haukupita muda mrefu suruali ikachanika tena, na safari hii kiraka chenyewe kilibaki kizima. Kilichochanika ni kitambaa kilichokuwa juu yake, kwa mstari uliopinda ukifuata ukingo wa kiraka hatua kwa hatua, kana kwamba mtu alipitisha mkasi.

Mwenyewe alipoileta alisema, "Fundi, safari hii weka kitu kigumu zaidi." Ombi hilo ndilo lililonifanya nikiandike kisa hiki. Karibu kila anayeleta jinzi iliyotoboka huomba hivyo hivyo, na ukimtii anarudi na tundu kubwa zaidi.

Tulichokikuta

Suruali ilifuliwa kwanza. Jasho lililokauka na vumbi lililojificha ndani ya nyuzi hukwangua kitambaa, na sindano hupita kwa tabu. Zaidi ya hayo, kitambaa kichafu hudanganya: huonekana kinene mahali ambapo kimeshalika.

Baada ya kukauka, mwanafunzi aliingiza taa ndogo ndani ya mguu wa suruali, akazima taa ya chumba. Hapo ndipo ukubwa wa kazi ulipojitokeza. Paja la kulia lilikuwa na tundu la kama sentimita 2 pamoja na ule mchaniko uliopinda, lakini eneo lililopitisha mwanga lilikuwa pana mara tatu ya hapo. Paja la kushoto halikuwa na tundu lolote, na mwenyewe alidhani ni zima, kumbe mwanga ulipenya katika duara la ukubwa wa kiganja. Akachora mpaka wa wepesi huo kwa chaki, mapaja yote mawili. Mstari wa chaki ndio uliotuongoza baadaye katika kukata viraka.

Goti la kulia lilikuwa na tundu la upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 3, na ndani yake nyuzi nyeupe zimelala kwa mlalo, zimelegea lakini nyingi bado hazijakatika. Mwisho kulikuwa na kona ya mfuko wa nyuma: ule mshono mnene wa kiwandani unaoshikiza kona ulikuwa mzima kabisa, ila umeng'oka pamoja na kipande cha kitambaa.

Nyuzi nyeupe za gotini zinahitaji maelezo, maana uamuzi mkubwa wa kwanza ulitoka kwao. Jinzi hufumwa kwa mshazari. Kila uzi wa mtande, yaani uzi wa kwenda urefu wa mguu, hupita juu ya nyuzi tatu za mshindio, yaani zile za kwenda upana, kisha chini ya mmoja. Matokeo yake uso wa nje wa nguo ni mtande karibu mtupu, na upande wa ndani ni mshindio. Mtande ndio uliotiwa rangi ya nili. Mshindio huachwa mweupe. Nili yenyewe haizami hadi moyo wa uzi, hukaa kwenye ngozi yake ya juu, ndiyo maana jinzi ikisuguliwa hupauka. Basi goti linapokwaruza sakafu, mtande ulio juu ndio unaoumia kwanza. Unakatika, na mshindio mweupe unabaki umening'inia. Tundu la goti mara nyingi ni nusu ya tundu tu, kwa maana nusu ya nyuzi bado zipo.

Maamuzi kabla ya sindano

Jambo la kwanza lilikuwa kiraka cha zamani: kibaki au kitoke? Mwanafunzi alitaka kibaki, kwa hofu kwamba kukibandua kungeondoka na nyuzi. Hofu yake ilikuwa ya haki. Hata hivyo tuliamua kitoke, kwa sababu gundi ilikuwa imegandisha kitambaa kikawa kama karatasi nene, na kitu kigumu kikipakana na kitambaa kilichochoka, kila mkunjo wa mwili huangukia mpakani. Pasi ya moto ilipitishwa juu ya kitambaa cha pamba hadi gundi ikalainika, kiraka kikabanduliwa taratibu kikiwa bado moto. Baadhi ya nyuzi ziliondoka nacho na tundu likaongezeka. Mabaki ya gundi hayakutoka yote, hasa yale yaliyoingia kando ya mshono wa katikati.

Uzi ulichaguliwa wa pamba, wenye nyuzi kadhaa zilizosokotwa kwa ulegevu. Nailoni na poliesta zina nguvu kuliko pamba iliyochakaa, na katika vuta nikuvute ya kila siku kitu dhaifu ndicho kinachokatwa. Ni heri uzi wa kiraka ukatike, maana huo unabadilishwa. Kitambaa cha suruali kikishakatwa na uzi, hakuna cha kubadilisha.

Viraka vilikatwa kutoka jinzi kuukuu, sehemu ya chini ya mguu kwa nyuma, ambako kitambaa kimeshafuliwa mara nyingi ila hakijasuguliwa. Kitambaa kipya kilikuwepo na kilikuwa na rangi nzuri zaidi, lakini nilikikataa. Jinzi ambayo haijabanwa kiwandani kuzuia kusinyaa huweza kupungua hadi kama asilimia 10 ikifuliwa. Hata iliyobanwa, kwa mbinu ambayo Sanford Cluett wa Marekani aliipatia hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) mwaka 1930, bado hupungua kidogo. Kiraka kikisinyaa ndani ya suruali iliyokwisha kusinyaa, kinaikunja nguo kutoka ndani.

Mwenye suruali aliomba mambo mawili: kazi isionekane kwa mbali, na pajani kusiwe na kitu cha kumchubua. Kiraka cha kwanza, alisema, alikisikia kila alipopiga hatua. Ombi la kwanza lilikuwa rahisi. Tulichukua vivuli viwili vya bluu, kimoja kilichopauka na kingine cheusi kidogo, tukavilinganisha na nguo dirishani mchana, kwa kuwa mwanga wa taa hubadilisha bluu. Ombi la pili lilitugharimu, kama itakavyoonekana.

Goti

Mguu wa suruali ni mwembamba, na kosa la kila mwanafunzi ni kushona mbele na nyuma pamoja. Aliingiza kipande cha kadibodi ngumu ndani ya mguu, sindano ikawa inagota hapo. Subana aliivaa kidole cha kati, maana jinzi haisukumwi kwa ncha ya kidole kitupu.

Kiraka kilikatwa kuzidi mpaka wa wepesi kwa sentimita 2 kila upande, pembe zikaviringwa kwa mkasi kwa sababu pembe kali hunyanyuka na kunasa. Kikawekwa kwa ndani, mtande wake ukifuata mtande wa suruali, kikashikizwa kwa bandi ndefu za muda, yaani mishono ya sindano kupita juu na chini. Wakati wa kushikiza, goti lilikunjwa kidogo juu ya kadibodi iliyopindwa. Kiraka kikishikizwa nguo ikiwa imenyooka kabisa, siku mvaaji akichuchumaa kinakaza kabla ya suruali, na uzito wote unabaki juu ya mishono.

Halafu zile nyuzi nyeupe. Mwanafunzi alishachukua mkasi azipunguze, kwani zilionekana kama takataka. Nikamwomba auweke chini. Alianza sentimita moja na nusu juu ya tundu, kwenye kitambaa kizima, akashuka kwa mishono midogo hadi ukingoni. Alipofika kwenye tundu akapitisha sindano butu juu ya uzi mweupe mmoja, chini ya unaofuata, juu ya wa tatu, hadi ng'ambo, kisha akaendelea kushuka sentimita moja na nusu nyingine ndani ya kitambaa kizima. Akageuka na kupanda, akibadilisha zamu: alipopita juu sasa alipita chini. Kila alipogeuka aliacha kitanzi kidogo cha uzi bila kukivuta, ili pamba ikisinyaa katika kufuliwa ipate pa kuchukua. Pale ambapo uzi mweupe ulikuwa umekatika, aliweka mpya wa mlalo, ukashikwa na hizo za wima. Polepole tundu likawa kitambaa tena, mtande mpya juu ya mshindio wa zamani, na vidole vyake vilipopita juu yake havikukuta kigongo.

Nje ya tundu, eneo lote lililolika lilipigwa mistari ya bandi ya wima, mshono wa milimita 4 au 5, mstari hadi mstari milimita 6. Mistari haikuishia sawa: mmoja mrefu, mwingine mfupi, hivyo hivyo hadi mwisho, na michache ikaingia ndani kabisa ya kitambaa kizima. Hili nililisisitiza kuliko jambo lolote lingine. Mishono yote ikiishia kwenye mstari mmoja, mashimo ya sindano hujipanga na kitambaa hupata njia ya kuchanikia.

Kushona tabaka kwa mistari ya bandi ni ujuzi wa watu wengi. Wakulima na wavuvi wa kaskazini mwa Japani waliufikisha mbali katika sashiko, wakiunganisha vitambaa vikuukuu tabaka juu ya tabaka hadi nguo moja ikavaliwa na vizazi. Wao walijua kwamba nguvu inatoka kwenye wingi wa mishono midogo iliyotawanyika, kila mmoja ukibeba kidogo.

Mapaja na kona ya mfuko

Paja la kushoto, ambalo halikuwa limetoboka, lilishonwa kwanza. Kipande cha jinzi laini kiliwekwa kwa ndani kikavuka mshono wa katikati, kikashikizwa pande zote mbili za mshono huo bila kuupitia, kisha kikapigwa bandi. Hakukuwa na fundo lolote, kwa sababu fundo pajani ni kidonda. Mkia wa uzi ulirudishwa ndani ya mishono iliyotangulia.

Paja la kulia halikukubali njia hiyo. Kando ya mshono wa katikati kulikuwa na gundi iliyobaki na mabaki ya mshono wa cherehani, na kuongeza tabaka juu yake kungetengeneza uvimbe pale pale ambapo mwenye suruali alilalamika kuchubuka. Tukaamua kiraka kiishie kwenye mshono, kisiuvuke. Sehemu nyingine zote zilifuata utaratibu ule ule: kiraka hadi kwenye kitambaa kizima, mistari isiyolingana, uzi wa pamba.

Kona ya mfuko ilikuwa kazi fupi. Mshono wa kiwandani ulifumuliwa, kipande cha jinzi kikawekwa chini, na kona ikarudishwa kwa mishono michache ya kurudia nyuma iliyosambaa badala ya kurundikana. Kona za mifuko zimekuwa tatizo tangu mwanzo wa jinzi. Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno, Nevada, alizishikiza kwa ribiti za shaba, na hataza yake pamoja na Levi Strauss ikatolewa tarehe 20 Mei 1873. Ribiti husaidia kitambaa kipya kinene. Kwenye kitambaa kilichochoka, kishikizo chenye nguvu kupita kiasi hung'oka na kipande chake, kama kilivyofanya hapa.

Matokeo

Suruali ilirudi kazini, ikavaliwa na kufuliwa kama kawaida, na tuliikagua tena baada ya miezi kadhaa.

Goti lilikuwa zima. Nyuzi mpya zilikuwa zimepauka pamoja na nguo, na vitanzi vidogo vya kwenye mageuzi vilikuwa vimekwisha kumezwa. Kona ya mfuko ilikuwa salama. Paja la kushoto nalo, likipimwa kwa taa, halikuonyesha wepesi mpya.

Paja la kulia lilikuwa limeachia. Katikati ya kiraka, pale palipokuwa na tundu, hapakuwa na tatizo. Mchaniko wa urefu wa kama sentimita 3 ulitokea kwenye ukanda mwembamba kati ya ukingo wa kiraka na mshono wa katikati, ukienda sambamba na mshono.

Lilishonwa upya. Mishono ya ukingo huo ilifumuliwa, kikawekwa kitambaa chepesi cha pamba cha uzito wa shati kilichovuka mshono, kikashikizwa pande zote mbili kama ilivyofanywa kushoto. Mwenye suruali aliivaa akasema haoni tofauti mwilini. Hadi naandika bado imeshika.

Uchambuzi

Tuanze na lililofanya kazi kwa uhakika zaidi, yaani kupima kwa mwanga. Tundu la sentimita 2 lingepata kiraka cha sentimita 4 kama lingeamuliwa kwa macho tu, na kiraka hicho chote kingeshonewa kwenye kitambaa ambacho chenyewe kinakufa. Ndivyo ilivyokuwa kwa matengenezo ya kwanza. Watu husema kiraka kimeshindwa, lakini kiraka kile kilitolewa kikiwa na afya njema. Kilichoshindwa ni kitambaa kilichopewa kazi ya kukibeba.

Sababu ya pili ya kushindwa kule ilikuwa ugumu. Gundi, nailoni na mshono mnene wa kuzunguka vilitengeneza bamba lisilokunjika katikati ya nguo inayokunjwa maelfu ya mara. Mkunjo ulihamia ukingoni, na ukingo wenyewe ulikuwa umetobolewa mashimo ya sindano mfululizo. Kuongeza kitu kigumu zaidi, kama tulivyoombwa, kungerudia jambo lile lile kwa duara kubwa zaidi. Kumweleza mteja hili si rahisi, kwa sababu anachokiona ni tundu, na mbele ya tundu akili hutaka ngao. Kilichomshawishi ni kuona ule mchaniko uliopinda ukilingana na ukingo wa kiraka tulipouwekea kiraka kilichobanduliwa.

Tofauti ya mapaja mawili inafundisha zaidi, ila isomwe kwa uangalifu. Ni suruali moja, mvaaji mmoja, sabuni moja na mshonaji mmoja. Hata hivyo hayakutofautiana kwa jambo moja tu: la kulia lilikuwa limeshatoboka na lina gundi, na kiraka chake kiliishia kwenye mshono, la kushoto lilikuwa limelika tu, na kiraka chake kilivuka. Huwezi kusema kwa uhakika kwamba kuvuka mshono peke yake ndiko kulikoliokoa la kushoto. Lakini mahali mchaniko ulipotokea panasema mengi. Kama shida ingekuwa uchakavu wa jumla, kitambaa kingeachia popote. Kiliachia kwenye ukanda usio na kiraka, uliobanwa kati ya vitu viwili vinene, kiraka upande mmoja na mshono wa tabaka kadhaa upande wa pili. Ukanda huo ulibeba mkunjo wote.

Uamuzi wa kutovuka haukuwa wa kipuuzi, kwani mvaaji anayechubuliwa na suruali haivai, na suruali isiyovaliwa haijatengenezwa. Kilichokosekana ni njia ya tatu, ambayo tuliiona baadaye: uvuke, lakini kwa kitambaa chepesi. Pajani msuguano ni wa nguo kwa nguo na uzito wa kuvuta si mkubwa kama gotini, kwa hiyo unene wa jinzi hauhitajiki. Sasa namwanzisha kila mwanafunzi na pamba ya uzito wa shati kwa paja, na jinzi kuukuu kwa goti.

Kuziacha nyuzi nyeupe kulifanikiwa, lakini kwa sharti kwamba zilikuwa bado zina nguvu. Tulizijaribu moja moja kwa kuzivuta kidogo na kucha. Zilizokatika kwa mguso huo hazikutegemewa. Goti ambalo mshindio wake nao umekwisha linahitaji kufumwa lote upya au kuachiwa kiraka kibebe peke yake.

Suruali hii ilikuwa ya pamba tupu, na hilo liliturahisishia hukumu. Jinzi nyingi za leo zina elastini kidogo, na kwa kawaida hutiwa kwenye mshindio, ndiyo maana zinavutika kwa upana na si kwa urefu. Mistari ya bandi ya wima huzifaa pia, kwa vile haizuii mvutiko huo. Mistari ya mlalo iliyokazwa ingekatika mara ya kwanza mvaaji anapochuchumaa, au ingekata kitambaa. Pasi kali ya kubandulia gundi nayo isingefaa, maana joto huiua elastini.

Limebaki goti la kushoto. Katika ukaguzi wa mwisho mtande wake ulikuwa umeanza kuota manyoya na kupauka kwa mistari, ingawa hakuna uzi uliokatika na taa haikupenya sana. Tumeamua lisitiwe kiraka kwa sasa. Litapigwa mistari michache ya bandi ya wima kwa uzi uliopauka, kisha likaguliwe kwa taa kila suruali ikitoka kamba ya kuanikia.